Kipimo cha Waya

Kila Jumapili, akitoka misani, Saverio Okidi aliomba waya, na kila Jumapili Hajji Nasur alimnyima. Mambo yalikuwa yamefika mahali ambapo hata kugombana hawakugombana tena. Walikuwa wakirudishiana maneno yale yale, kama watu wanaosali huku akili iko jikoni.

"Hajji, leo tuweke waya," Saverio alisema hata kabla hajakaa.

"Afande, hiyo waya iko wapi? Nionyeshe kwanza, mimi nitaweka."

"Inakuja."

"Basi ikikuja tutaweka."

Reli yenyewe ilikuwa mezani, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Nasur pale Mbuya. Meza ilizunguka kuta tatu. Ilianzia stesheni ya Kampala, ikapita Nakawa na Kyambogo, ikaishia kwenye daraja la mto Nile kule Jinja, na kila kitu, isipokuwa umbali, kilikuwa kimepunguzwa mara themanini na saba. Vichwa vya treni vilikatwa kwenye makopo ya soda na kuendeshwa na mota za redio mbovu. Mataruma yalikuwa njiti za kiberiti. Zamani, Chama cha Wapenda Reli kilijaa chumba hicho mpaka watu wakakaa kizingitini. Sasa walibaki watatu: Nasur, mfanyabiashara wa nyuzi na vifungo huko mtaa wa maduka wa Kikuubo; Saverio, polisi wa reli aliyestaafu; na Nelima, mwalimu wa michoro ya ufundi, ambaye mkono wake haukutetemeka hata akipaka rangi kofia ya dereva. Wengine walikufa, wengine walihama, wengine walichoka kungoja, na nani atawalaumu? Kuipenda reli katika mji huu ni kama kumpenda mtu ambaye kila ukimpigia simu anasema yuko njiani.

Chama kilikuwa na kanuni moja tu iliyokuwa haijavunjwa: hakiji mezani kisichosimama ardhini. Ukitaka kuweka daraja, taa, hata choo cha stesheni, sharti uende mahali penyewe, ukipime kwa futi, urudi na kokoto moja ya hapo, uiweke mbele ya wenzako na kusema, "Nimekiona." Nasur ndiye aliyeileta kanuni hiyo, baada ya mwanachama mmoja kutaka kujenga stesheni ya ghorofa aliyoiona kwenye kalenda.

Reli mpya ya umeme, ambayo waya wake wa juu ndio Saverio aliotaka, haikuwa na kokoto. Ilikuwa na picha. Ilitangazwa redioni, ikachorwa magazetini, treni nyeupe chini ya waya, anga ya buluu isiyo na vumbi hata chembe. Nasur alikuwa amezichoka picha. Alikuwa amechoka kwa jumla, ukweli ni huo. Uchovu usiotoka hata ukilala mchana kutwa.

"Afande, umeme hapa Mbuya inakatika kila siku," alisema. "Hiyo treni itasimama pale Kyambogo, watu washuke wasukume."

Nelima alicheka kwa heshima tu, maana mzaha huo aliujua kwa moyo.

Saverio naye alicheka, akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha chai. Mkono ulipita kando ya kikombe, ukaiparamia stesheni ya Nakawa, na stesheni ikaanguka sakafuni, paa huku, ukuta kule.

"Banange, Afande! Si uangalie basi!" Nasur alifoka.

"Pole, Hajji. Pole sana."

Pole hiyo ilimkaa Nasur vibaya. Saverio aliyemjua yeye angebisha. Angesema stesheni imejengwa ukingoni kama kibanda cha wezi, na mjenzi wake akamatwe. Huyu aliinamisha kichwa tu, akabaki akipapasa sakafu kwa kiganja.

Jioni binti wa Saverio, Amony, alikuja kumchukua, bado amevaa sare ya jeshi kwa kuwa alifanya kazi katika kambi ya pale pale kilimani Mbuya. Alimpandisha baba yake garini, akafunga mlango, kisha akarudi langoni alikosimama Nasur.

"Hajji, mzee hajakuambia?"

"Aniambie nini?"

"Macho. Ni ile presha ya macho. Moja imekufa kitambo. Hii ingine daktari anasema inafuata, na dawa haiwezi kurudisha. Sasa anaona vitu vikubwa tu, vyenye rangi kali. Na hiyo pia itaisha."

Nasur alishika nguzo ya lango. "Kwa nini amenificha mimi?"

"Alisema mkijua mtamuwekea waya kwa huruma. Alitaka ashinde maneno kwanza." Amony alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Hajji, ile reli ya kweli hataiona. Anajua. Ndiyo maana anawasumbua na hii yenu."

Gari liliondoka. Nasur alirudi ndani na kukaa mbele ya meza, akajiona mjinga. Huyu mtu amemwomba kitu kimoja, Jumapili baada ya Jumapili, naye akamjibu kwa mzaha wa umeme kukatika. Kuna ukatili unaofanywa kwa ghadhabu, na kuna unaofanywa kwa uchovu, na huu wa pili mtendaji hata hausikii. Nasur sasa aliusikia, tena kifuani.

Alimpigia Nelima simu. "Tunaweka waya."

"Na kokoto?"

"Kokoto nitajibu mimi kwa Mungu."

Lisilo budi hutendwa, lakini kwa watu wa aina hii hata kuvunja kanuni lazima kufanywe kwa kanuni. Nelima alitafuta michoro ya reli za umeme za nchi nyingine, akapiga hesabu za urefu wa nguzo na nafasi kati yake. Walikata spoki za baiskeli zikawa nguzo. Kuhusu waya, Nasur alipekua duka lake lote la Kikuubo, wateja wakimwita yeye akiwa amezama kwenye masanduku, mpaka akapata uzi wa hariri wa kijivu, mwembamba kuliko nyuzi zote alizowahi kuuza. Waya halisi ni mnene kama kidole chembamba. Ukiupunguza mara themanini na saba unakaribia unywele. Uzi ule ulikuwa sawasawa. Walifanya kazi kila jioni, Nelima akifunga mafundo kwa kibanio cha nyusi, Nasur akimmulikia taa, na mgongo ukimuuma asiseme. Spoki ziliwaishia Kyambogo. Jinja wakaiacha kwa siku nyingine. Walipomaliza, Nelima alirudi nyuma hatua chache, akashusha pumzi.

"Hajji, hata wenye reli wenyewe wakija hapa hawatapata kosa."

Nasur alikubali. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alijisikia si mchovu sana.

Jumapili Saverio aliingia, akavua kofia, akafungua kinywa aombe, na Nasur akamkatiza.

"Afande, angalia meza."

Mzee aligeuka. Alisogea mpaka tumbo likagusa ubao. Kichwa kilizunguka taratibu upande huu na ule, kama anayetafuta mtu sokoni. Kisha akapiga makofi.

"Eeeh! Hajji! Umeweka! Nzuri, nzuri kabisa!"

"Umeona?"

"Nimeona, kwani mimi sina macho? Angalia hii ya darajani, vile inang'aa juu ya maji!" Na akanyoosha mkono kuelekea Jinja, juu ya daraja, mahali ambapo hapakuwa na nguzo wala waya wala chochote.

Nelima alimtazama Nasur. Nasur alitazama sakafu. Saverio aliendelea kusifu, neno baada ya neno, sauti ikizidi kuwa ya adabu, na kila sifa ilimchoma mwenyeji wake. Maana sasa Nasur alielewa walichokifanya. Mtu anaona vitu vikubwa tu, vyenye rangi kali, wao wakamtengenezea unywele wa kijivu. Walikuwa na wiki nzima, akili timamu za watu wawili, na hakuna hata mmoja aliyewaza jicho la mgonjwa, waliwaza kipimo. Walitengeneza waya wa kuwafurahisha watu kama wao, wakamwachia mwenyewe kazi ya kushukuru.

Wakanywa chai. Amony alipokuja, Saverio aliaga kwa furaha ya kujilazimisha, akapiga bega kwenye fremu ya mlango wakati wa kutoka.

"Tumwambie?" Nelima aliuliza.

"Tumwambie nini? Kwamba anatudanganya?" Nasur alijibu. "Enda nyumbani, mwalimu. Mimi nimechoka."

Siku kadhaa hakuingia chumba kile. Aliwaza kuvunja meza, mbao zake zitengeneze rafu dukani, chama kife kama vilivyokufa vingine. Watu husema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na Nasur aliona methali hiyo inamsema yeye hasa. Saverio macho yalikuwa yanakufa lakini bado aliomba waya. Yeye mwenye macho mazima ndiye aliyekuwa akitafuta sababu ya kuzima taa.

Mwishowe alivuka kichochoro pale Kikuubo, akaenda kwa jirani yake Shamirah, muuza viatu, akanunua kamba za viatu vya michezo, za manjano kali, zile pana. Akanunua na penseli nyekundu. Hakumwita Nelima. Aliona haya, kama mtu anayekwenda kukopa. Aling'oa spoki moja moja, akachomeka penseli. Alikata uzi wa hariri, ukaanguka bila mlio. Kisha akavuta kamba za manjano kutoka Kampala mpaka Jinja, juu ya kila stesheni, juu ya daraja lote. Kwa kipimo chao, waya huo ulikuwa mnene kama shina la mgomba. Kuutazama kulimuumiza, kwa kweli kulimuumiza. Jambo kama hilo zamani angemfukuzia mwanachama.

Jumapili Nelima ndiye aliyetangulia kufika. Aliona, akaweka mkono mdomoni. Halafu akakaa, macho yamemlowa.

Saverio aliingia na sifa zake tayari. "Hajji, hata wiki hii nimekuwa nikifikiri ile waya vile ni nzu..."



Alisogea. Akainama. Akaifuata kamba kwa pua yake, toka stesheni ya Kampala, taratibu, mpaka Nakawa. Uso ukaanza kukunjamana.

"Hii ni nini?"

Akagonga penseli moja kwa ukucha.

"Nauliza, hii ni nini? Nani ameharibu reli? Waya gani hii, nene kama mguu wa ng'ombe? Na rangi! Hajji, manjano? Umeona wapi waya ya manjano? Na nguzo umebananisha kama watu kwa foleni! Mimi nimekaa kwa reli miaka yote, sijaona upuuzi kama hii! Mwalimu, na wewe ulikuwa wapi?"

Nasur alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hakuwa amesikia sauti hiyo kwa muda mrefu; ndiyo iliyokuwa ikiwasimamisha wezi wa mafuta kwenye mabehewa. Alikaribia kulia, na hakujificha sana.

"Na inalegea!" Saverio alizidi kupandisha. "Treni ikipita hapa, ule mkono wake wa juu utanasa, waya ikatike, watu wote..."

Maneno yakamwishia njiani. Akasimama akihema. Polepole alimgeukia Nasur, akamtafuta kwa jicho lake lililobaki.

"Hajji," alisema kwa sauti ndogo. "Ile ya kwanza. Ulijua sikuiona?"

"Nilijua."

"Na uliniacha niseme."

"Na wewe ulinisifia usichokiona. Tuko sawa, Afande." Nasur alisukuma kiti pembeni, akapiga magoti kando ya meza. "Umesema inalegea. Wapi?"

"Hapa."

Kidole cha Saverio kilikwenda bila kupapasa, kikatua katikati kabisa ya mlegeo, kati ya penseli ya tatu na ya nne kutoka Nakawa. Nasur akakaza kamba pale alipoonyeshwa, kisha akamwomba aonyeshe pengine.