Imetoka

Mama Vifungo hakuwa na ugomvi na simu, ila simu ilikuwa na ugomvi naye. Kila alipojaza pini mdomoni na kitambaa mikononi, ndipo ilipoanza kulia juu ya meza ya kukatia kama kifaranga aliyepotezwa na mama yake. Aijibu kwa nini? Kwa pua?

Ndivyo wateja walivyompita. Wanaandika Jumatatu, yeye anajibu Alhamisi, na Alhamisi mtoto keshavalishwa nguo za duka jingine. Alishona nguo za watoto wachanga, na kila kifungo alikipitisha uzi mara tano asije mtoto akaking'oa na kukimeza. Ndiyo maana mtaa mzima ulimpa jina hilo. Jina lilikuwa kubwa, wateja haba. Katika chumba chake, kilichobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi, cherehani moja ilipiga kazi na ya pili ilikuwa imefunikwa shuka tangu mwaka juzi.

Ndipo mdogo wake aliporudi kutoka mafunzo ya siku tatu ya biashara mtandaoni, ana cheti, ana kalamu ya bure, na ana maneno.

"Dada, wewe huuzi nguo," alitangaza, amesimama kati ya mapande ya kitambaa utadhani yuko jukwaani. "Unauza hisia."

"Hisia zinapimwa kwa futi au kwa kilo?"

"Cheka tu. Mteja asiyejibiwa ndani ya dakika moja ni mteja wa mwenzako."

"Basi jibu wewe, Mkurugenzi."

Jina likamganda. Na tusimwonee, Mkurugenzi alifanya kazi. Alipiga picha za nguo mlangoni asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Alifuta yale maneno ya "bei njoo tuongee", akaandika bei waziwazi, kwa sababu mtu anayeficha bei hufikiriwa anaficha na mengine. Aliwaomba akina mama watume picha za watoto wao wakiwa wamevaa, akazibandika kwenye ukurasa wa duka. Kila aliyenunua akaingizwa kwenye orodha ya kutumiwa mitindo mipya na picha hizo kila Ijumaa. Miezi miwili haikuisha, shuka ikavuliwa kwenye cherehani ya pili. Oda zikaja hata kutoka miji ambayo Mama Vifungo aliijua kwa kuisikia redioni tu.

Kisha akaifundisha simu kujibu yenyewe. Alikuwa ameona kwamba wateja huuliza swali moja kutwa nzima: "Oda yangu imetoka?" Na kwa kuwa dada yake hakuwa fundi wa njoo kesho, jibu lilikuwa lile lile siku zote. Akaiambia simu: ukiliona neno "imetoka", usimsumbue mtu, jibu hivi: "Hongera, mama! Imetoka, tena imependeza! Usisahau kututumia picha." Na maputo matatu ya rangi.

Jumatano asubuhi, Mama Vifungo aliishika simu kutafuta vipimo vya mteja. Akaliona jina la Mwalimu.

Mwalimu alifundisha darasa la kwanza katika shule ya nyuma ya soko. Miaka tisa ya ndoa alikuwa akinunua nguo dukani hapo kuwapelekea watoto wa wenzake. Mwezi uliopita alikuja kununua za mtoto wake mwenyewe. Alikaa saa nzima akichagua kitambaa, akakiweka shavuni, akacheka peke yake, akaagiza nguo sita.

Ujumbe wake ulikuwa wa jana jioni. "Samahani fundi. Zile nguo usiendelee nazo. Mimba imetoka."

Chini yake, katika dakika ile ile, duka lilikuwa limejibu.

Mama Vifungo aliusoma mara moja. Mara ya pili macho yalikataa. Aliketi juu ya robota la kitambaa.

"Mkurugenzi!"

Alikuja mbio, akasoma. "Dada, ni mashine. Haijui."

"Nani aliyeifundisha kusema?"

"Mimi. Lakini neno ni moja! Nguo imetoka, mimba imetoka, mashine itajuaje?"

"Wewe ulikuwa unajua."

Mkurugenzi akainamia simu. Kisha akaanza kuandika upesi. "Namwambia ni hitilafu ya mtandao. Halafu namtoa kwenye orodha, asije akapata na zile picha za watoto za Ijumaa. Tunamfuta, tunasonga mbele."

"Weka simu chini."

"Dada, kadiri tunavyochelewa..."

"Nimekwambia weka chini! Mdomo huo umeshasema ya kutosha." Akavua mkanda wa kupimia shingoni, akavaa viatu vya kutokea. "Mwalimu akikataa kuniona, hodi nitakuwa nimeshapiga."

Njia nzima alitunga maneno, na kila alilolitunga lilikuwa limechakaa kabla halijafika ulimini. Ni mashine. Ni kijana wetu. Ni bahati mbaya. Alipofika ghorofa ya pili alikokaa Mwalimu, kwenye ukumbi ulionuka sabuni, alikuwa hana hata moja.

Mlango ulifunguliwa na wifi yake Mwalimu, mwanamke mrefu mwenye ufagio mkononi. Alimtazama juu hadi chini.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Maputo yako wapi? Au umekuja kuchukua picha?"

"Nimestahili hilo, mwanangu. Na jingine kama unalo."

Wifi alikuwa nalo, ilionekana usoni, lakini sauti kutoka ndani ilisema, "Mwache aingie."

Mwalimu alikuwa kwenye kochi, amejifunika kanga mpaka kiunoni, daftari za wanafunzi zimepangwa pembeni bila kuguswa. Mama Vifungo hakuketi.

"Mwalimu, yale maneno yametoka dukani kwangu. Simu ilijibu yenyewe, lakini simu ni yangu. Sikusoma. Uliniandikia jambo kama lile na mimi nilikuwa nakata kitambaa. Pole, mwanangu. Pole sana."

Akasimama, mikono haina kazi.

Mwalimu alijiinua kwenye kochi. "Unajua nililifanyaje lile jibu? Nililisoma kwa sauti. Nikacheka. Nikacheka mpaka wifi akadhani nimerukwa na akili." Akaivuta kanga juu. "Halafu nikalia. Tangu jambo lenyewe litokee sikuwa nimelia."

Wifi aliuegemeza ufagio ukutani.

"Watu wanaambiana chinichini," Mwalimu aliendelea. "Wananiambia utapata mwingine. Hakuna aliyekuja kukaa. Mtu akifiwa na shangazi, viti vinaazimwa. Kwangu wanasema bado alikuwa hajawa mtu. Wewe ndiye wa kwanza kupanda ngazi zile ukaniambia pole."

Hapo Mama Vifungo akaketi, si kwenye kiti, bali sakafuni kando ya kochi, akamshika mkono. Chini mtaani muuza maji alipita akipiga kelele, akaenda zake.

"Ulikuwa umeshashona?" Mwalimu aliuliza baadaye.

"Nne."

"Ile yenye kola?"

"Nayo."

Mwalimu alifumba macho. "Usinionyeshe. Lakini usimuuzie mtu."

"Simuuzii."

Ilimbidi Mama Vifungo aulize, maana Ijumaa ilikuwa kesho kutwa na picha zingetumwa. "Mdogo wangu anataka kukutoa kwenye orodha ya duka. Usije ukaona watoto wa watu bila kupenda. Nimwambie akutoe?"

Mwalimu alifikiri, kidole gumba kikipapasa ukingo wa kanga.

"Picha azizuie," alisema. "Kwa sasa siziwezi. Ila mimi asinifute. Kila mtu ananifuta, fundi. Wananiona ukumbini wanageuka kama sikuwa na tumbo juzi." Akaminya ule mkono uliomshika. "Niacheni kwenye orodha ya akina mama."

"Utabaki," alisema Mama Vifungo. "Na ukiniandikia, nitajibu mimi. Ukiona nimechelewa siku tatu, ujue ni mimi kweli."

Wifi ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kifupi cha puani, akaenda kubandika chai ya watu watatu.