Uwanja Uliosawazishwa

...na sasa huyu Hubert naye anamnong'oneza, "Kaka Faustin, piga na ndani ya muguu," kana kwamba mguu ni wa Hubert, Masisi nzima imegeuka fundi wa mguu wake, mkewe Rosalie anasema anashiba mihogo mno, padri anasema hasali vya kutosha, mama yake anasema ni jicho la watu, penalti sita tangu Pasaka ya huu mwaka wa sitini na nane na zote sita nje, nje ya nguzo ile ile ya kushoto, halafu mwamuzi, mwalimu Pierre, mbona hapulizi filimbi, ah, ng'ombe wameingia tena uwanjani, haya, wafukuze basi Papa Pierre, tutazeekea hapa... na pembeni kocha, Papa Sebarenzi, amekunja mikono, alishasema asubuhi mbele ya wote, "Ukikosa leo, namba tisa iko ya Hubert," miaka minane ameivaa hiyo tisa, Hubert hata kujifuta kamasi alikuwa hajui, na kipa wa Sake anacheka meno yote nje, cheka tu, si nyinyi mliokuwa mnalia kila mlipopanda huku mkafungwa, eti "Uwanja wenu umelala upande, mulima njo unamufungiaka ule Faustin magoli," na yeye jamani alikasirika, alikasirika hadi akasimama baada ya misa akasema tulime uwanja uwe sawa tuone watasema nini tena, Jumamosi nne za Kwaresima wanaume kwa wanawake na majembe, wanakata udongo upande wa juu wanaumwaga upande wa kijito, yeye mbele kabisa, viganja vimechubuka, na Mama Vestine, mwenye shamba la maharage nyuma ya goli, akamwuliza, "Faustin, kiwanja kilikukosea nini?" wakacheka wote, na yeye akacheka, mjinga... lakini kushoto, mbona kila mara kushoto, upande wa juu, juu gani tena, hakuna juu, si waliikata kwa majembe... ngoja... ngoja kwanza... tangu utoto aliusukuma mpira chini chini, nje kidogo ya nguzo ya upande wa juu, kipa anauacha akidhani unatoka, mteremko unaurudisha ndani taratibu, hakuna aliyemfundisha, wala hakujua kama anafanya hivyo, alijua anapiga golini, basi, na huu mguu, mguu mpumbavu huu, bado unapigia uwanja ambao haupo, na yeye kutwa kumnunia Rosalie kwa ajili ya mihogo! Loo, kumbe Sake walisema kweli, hiyo ndiyo inayouma, inauma kuliko zote sita... "Kaka, unasikia? Ndani ya muguu." "Nyamaza, Hubert!" na ng'ombe mmoja bado amegoma katikati ya uwanja, Papa Pierre anamvuta pembe, watu wanapiga mbinja... mlima ulikuwa unafunga, wakambeba yeye mabegani, miaka minane yote, wakambeba yeye, na angejuaje, nani angemwambia... haya, sawa, namba tisa wampe wanayemtaka, lakini penalti hii hapa, iingie ao iende kwenye maharage ya Mama Vestine, ndiyo ya kwanza atakayoipiga peke yake.