Maji ya Aprili

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mwaka wa tisini na nne, Bwana Wekulo alimwita Nerima ofisini akamkaribisha kiti. Kiti chenyewe ndicho kilichomjulisha Nerima kwamba kuna jambo. Mpiga chapa wa shule hakaribishwi kiti bure na mwalimu mkuu.

"Mama Vivian," alianza, "lile shindano la hali ya hewa la shule za Eastlands. Nimeonelea tuliondoe jina letu. Tangu Mwalimu Opicho atutoke hatuna mtu wa jiografia. Huyu wa kuazima anakuja Jumanne na Alhamisi, na hata Jumanne haji."

"Mtihani ni lini?"

"Oktoba tarehe nane, Jumamosi, kule Buruburu."

"Nitawaandaa mimi."

Bwana Wekulo alimtazama juu ya miwani. Mbele yake aliketi mjane wa Opicho, wa miezi mitatu, mwenye cheti cha kidato cha nne na vidole vyepesi, basi.

"Notisi zake zote nimezipiga mimi kwenye stensili," Nerima alisema. "Mawingu, upepo, mvua, shinikizo la hewa. Miaka saba, Mwalimu. Akikosea nilikuwa namrudishia karatasi arekebishe."

Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mtu anayetaja anwani ya nyumba yake.

Mwalimu mkuu aligonga meza kwa kalamu. "Sawa. Ijumaa tarehe thelathini nitakuja mwenyewe pale kwenye sanduku la vipimajoto, niwaulize. Wakiniridhisha, waende. Wasiponiridhisha naondoa jina, na sanduku nalo liondoke. Wazazi wanataka choo cha wasichana kijengwe pale pale. Siwezi kuwaambia choo kisubiri sanduku lisilo na mtu."

Sanduku hilo Opicho alilijenga kwa mikono yake, kwa mbao za masanduku ya chai, akalipaka rangi nyeupe na kulisimamisha kwenye miguu minne katikati ya nyasi. Kuta zake zilikuwa za vipande vilivyolala upande, ili upepo upite na jua lisipite. Ndani mlikuwa na vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa kikavu. Kingine kilivikwa kitambaa chepesi ambacho ncha yake ilitumbukia katika kikombe cha maji, kiwe kimelowa wakati wote. Hewa ikiwa kavu, maji hukauka haraka kitambaani na kipimajoto hicho hupoa, kikaachwa chini sana na mwenzake. Hewa ikiwa na unyevu, huenda karibu sawa. Ukishajua tofauti yao unafungua jedwali na kusoma unyevu wa hewa kwa asilimia. Nerima alikuwa ameyapiga chapa maelezo hayo mara nyingi hata angeweza kuyasema huku akikaanga vitunguu.

Timu ilikuwa ya watatu wa kidato cha tatu. Falis alikuwa binti wa Abdiqadir, muuza vitambaa kwa jumla, na alijumlisha kichwani haraka kuliko wengine kwenye karatasi. Nthoki, msichana mkimya, ndiye aliyeshika daftari la vipimo, maana mwandiko wake ulisomeka kutoka mbali. Griffins alikuwa pale kwa sababu ya mdomo. Opicho ndiye aliyemchagua, akisema kwamba kila timu huhitaji mtu asiyeogopa kuulizwa.

"Madam, wewe ndio kocha sasa?" Griffins aliuliza siku ya kwanza. "Manze, Buruburu wamekwisha."

"Buruburu hawajakwisha. Hilo wingu juu ya Donholm linaitwaje?"

"Hilo ni wingu tu, Madam."

"Falis?"

"Ni la mafungu-mafungu, chini yake bapa. Halina mvua, ila likianza kupanda juu kama koliflawa, toa nguo kwenye kamba."

"Umesikia, kijana wa mdomo?"

Basi wakaendelea hivyo, kila siku baada ya masomo, wiki tatu mfululizo. Nerima alikuwa na faili zote za stensili. Aliuliza maswali ya mwaka wa themanini na tisa, akauliza ya tisini na mbili, akayageuza na kuyauliza tena, nao wakajibu hadi ikawa hawasubiri swali liishe. Alilala vizuri siku hizo. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba Ijumaa ile Bwana Wekulo angeondoka ameridhika.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkereketa, nalo halikuhusu mtihani. Opicho alianguka Juni, asubuhi, akivuka barabara kwenda shuleni, moyo ukasimama na haukurudi tena. Walipomkabidhi Nerima koti lake, alikuta mfukoni kichupa cha dawa, cha kahawia, kitupu, hakina karatasi. Alikinusa, akakuta hakina harufu. Alimwuliza daktari, naye hakujua. Tangu siku hiyo aliamini kwamba mumewe alijua ana ugonjwa, akawa anakunywa dawa kwa siri, akamficha. Kichupa alikitia kwenye droo. Hakumwambia mtu, lakini kuna siku alikuwa akipiga chapa na kukuta amegonga herufi kwa hasira hadi karatasi imetoboka.

Jumatatu ya tarehe ishirini na sita, zikiwa zimebaki siku nne kabla ya Ijumaa ile, Nerima alijifanya mkaguzi.

"Someni vipimo, mnipe unyevu wa hewa wa saa hizi."

Nthoki alifungua mlango wa sanduku. "Kikavu ishirini na sita. Chenye kitambaa, ishirini na nne."

Falis alipitisha kidole kwenye jedwali. "Asilimia themanini na tano."

Ilikuwa saa tisa mchana. Vumbi lilikuwa likizunguka uwanjani. Midomo ya Griffins ilikuwa imepasuka kama udongo.

"Themanini na tano?" Nerima alirudia. Adhuhuri alikuwa ameanika vitambaa vya meza vya ofisi, na hata kabla hajarudi ndani na beseni vilikuwa vimekauka. "Na unyevu huo wote, mbona nguo zinakauka hivi?"

"Jedwali ndilo linasema, Madam," alisema Falis, ila sauti yake ilishuka.

"Lete daftari."

Walifungua Februari, mwandiko wa Opicho, ukilalia kushoto. Ishirini na saba kwa kumi na saba. Ishirini na sita kwa kumi na saba. Kila mchana mkavu, digrii tisa au kumi zilivitenga vipimajoto viwili. Kisha wakafungua Julai, wakaingia Agosti. Nafasi ile ilikuwa ikipungua kidogo kidogo. Sita, nne, tatu. Sasa mbili.

Nerima alikuwa amewafundisha majibu yote, na chombo chenyewe kilikuwa kikiwadanganya mbele ya macho yake.

Hata hivyo hakukaa kulalamika. Aliwaambia wavue kitambaa, waviweke vipimajoto vyote viwili kavu, bega kwa bega. Vikasoma sawasawa. "Vipimajoto ni vizima, basi. Ubaya uko kwenye kitambaa."

Kitambaa kilikuwa kigumu kama kadibodi, na kina ukoko mweupe. Kabla hajazuiwa, Griffins alikilamba.

"Chumvi! Haki ya Mungu, Madam, ni chumvi."

"We Griffins, unaweza kulamba hata nyaya za stima," Falis alimwambia.

Mfereji wa shule ulileta maji ya kisima kirefu kilichochimbwa upande wa Kware, na maji hayo kila mtu aliyajua. Chai yake ilikataa kukolea, sabuni ilikataa kutoa povu. Watu walikuwa wameyazoea hata hawakuyaonja tena. Kesho yake Falis alileta kitambaa kipya kutoka dukani kwa baba yake. Kipimo kikashuka hadi kumi na tisa. Jumatano kikapanda tena ishirini na moja, na ukoko umeanza pembeni.

"Na Mwalimu alifanyaje?" Nerima aliuliza. "Notisi zinasema tu 'maji safi'. Haya tunayaita safi. Yeye alitumia mfereji gani?"

"Huu huu," alisema Griffins.

"Hapana," alisema Nthoki, na kwa kuwa Nthoki hakuwa msemaji, wote waligeuka. "Kikombe alikijaza mwenyewe kila Jumatatu. Alikuja na maji yake. Alikuwa nayo kwenye kichupa cha dawa, mfukoni mwa koti."

Nerima alishika ukingo wa sanduku. "Kichupa cha rangi gani?"

"Cha kahawia, Madam."

Akafunga mlango wa sanduku. Kisha akawaambia waende nyumbani, kesho wawahi saa mbili.

Njiani hakukumbuka alivyopita. Alikuwa akiona tu sufuria ile kubwa, kila msimu wa mvua. Opicho aliacha kwanza mvua inyeshe robo saa nzima, ioshe vumbi la hewani, ndipo akaitoa sufuria nje, katikati ya ua, mbali na mabati na mifereji ya paa. Majirani walimcheka. Halimo wa nyumba ya pili alikuwa akimpigia kelele dirishani, "Mwalimu, beseni ziko tupu na wewe unakinga kwa sufuria ya ugali!" Naye akajibu, "Hii ni ya kazi, mama." Maji hayo aliyachuja, akayatia kwenye chupa ya juisi ya machungwa, akabandika karatasi. Nerima alidhani ni mambo ya walimu tu. Hakumwuliza. Naye Opicho hakuliandika kwenye notisi, labda kwa sababu kwake halikuwa somo. Lilikuwa jambo la kufanya tu, kama kufunga kamba za viatu.

Chupa ilikuwa bado kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni. *Aprili 1994.* Ilikuwa imejaa hadi theluthi. Nerima hakuwa ameigusa tangu msiba, isipokuwa kuipangusa vumbi, maana ndicho kitu cha mwisho ambacho mumewe alikiweka akiba kwa mikono yake.

Alitoa kichupa cha kahawia kwenye droo. Akakiosha. Akaketi mezani navyo vyote viwili.

"Kumbe hukunificha kitu," alisema kwa sauti, kana kwamba mtu yuko chumba cha pili. Akalia kidogo, akajifuta kwa leso. Kisha akafungua chupa, akajaza kichupa, mkono ukiwa umetulia kabisa.

Alhamisi saa mbili walivika kitambaa kipya na kumimina maji ya Aprili katika kikombe. Vipimo vya asubuhi vilionekana vya kuaminika, lakini Nerima alitaka mchana, wakati wa ukavu. Saa tisa Nthoki alifungua mlango. Wote watatu waliinamisha vichwa wakagongana.

"Ishirini na sita," alisema Nthoki. "Kumi na saba."

"Asilimia arobaini na moja!" Falis alipaza sauti hata kabla hajafungua jedwali.

"Sasa hii ndiyo Nairobi ninayoijua," alisema Griffins, akilamba midomo.

Likabaki daftari. Shindano lilitaka kila shule ilete vipimo vya miezi mitatu na kuhojiwa juu yake.

"Tupunguze tu digrii saba kila siku," Griffins alipendekeza. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Nthoki. "Ni mwandiko wangu."

Nerima alichukua kalamu nyekundu, akampa Nthoki. Chini ya tarehe ishirini na nane Septemba msichana akapiga mstari, akaandika, *Kuanzia Julai hadi hapa, kitambaa kilishika chumvi ya maji ya kisima. Unyevu usitumiwe. Vipimo vingine ni sahihi.*

Ijumaa Bwana Wekulo alifika na mikono nyuma. Aliuliza robo saa, akajibiwa. Kisha akaona mstari mwekundu, nyusi zikapanda.

"Miezi mitatu ya makosa, na mnataka kuwaonyesha watu wa Buruburu?"

"Tunawaonyesha tulivyoyagundua, Mwalimu," alisema Falis. "Mtu anaweza kubahatika kupata vipimo vizuri. Sisi tukiulizwa kwa nini hivi ni vizuri, tuna jibu."

Mwalimu mkuu alisoma tena mstari ule. Akachungulia ndani ya sanduku, akagusa mbao kama anayepima uzima wa meza. "Haya. Kesho mvua itanyesha?"

"Mwalimu," alisema Griffins, "sisi tunapima. Hatupigi ramli."

Bwana Wekulo alicheka hadi miwani ikateremka. "Nendeni Buruburu. Choo tutakijenga upande ule wa jikoni."

Jumamosi ya shindano walitembea kwa miguu, Nerima mbele na daftari kwapani. Mkaguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti nyembamba, alifungua kurasa bila hamu hadi alipofika kwenye wekundu. Hapo akavuta kiti. Aliwahoji muda mrefu kuliko shule yoyote, na mwishoni akauliza ni nani aliyewafundisha kutumia maji ya mvua.

"Mwalimu Opicho," alisema Nthoki. "Na Madam."

Walikuwa wa pili kati ya shule kumi na moja. Griffins alidai hadi Krismasi kwamba wale wa kwanza walipendelewa.

Mvua ilikuja baada ya wiki mbili, Jumamosi alasiri, kwa kishindo juu ya mabati. Nerima alitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na tano zilipotimia alitoka na sufuria ya ugali, akaiweka katikati ya ua, mbali na paa.

"Mama Vivian!" Halimo aliita dirishani. "Hata wewe?"

"Ya kazi, mama!"

Jioni aliyachuja maji. Chupani, yale ya Aprili yalikuwa yamebaki vidole viwili. Hakuyamwaga. Alimimina mapya juu yake hadi shingoni, akakausha chupa kwa kanga, na kwenye karatasi ile ile, chini ya mwandiko unaolalia kushoto, akaandika *Oktoba*.