Mwanao Atasoma Wapi?

Pyo Geum-ran aliingia kwenye ukumbi wa sekondari na masanduku manne ya machenza, na aibu yake. Huo ulikuwa mwaka wake wa tisa akiwa mkuu wa Chuo cha Songgok, na wa tatu wa kuzunguka mashuleni kuomba watoto. Enzi za baba mkwe wake, aliyekianzisha chuo kile, wazazi ndio waliokuja na zawadi. Siku hizi wanawake wa wilaya ile hawazai, au wanazaa mmoja, na huyo mmoja akimaliza mtihani wa taifa tu, huyo, treni ya Seoul. Chuo cha viti mia na hamsini kilikuwa kimepata wanafunzi sitini. Wizara ilishaonya: mkishindwa kujaza, tunafunga.

Walimu walipokea machenza bila kumtazama usoni. Wazazi wakamsikiliza akisifia maabara, bweni, chakula cha bweni. Alipomaliza, mkono mmoja ukanyanyuka. Alikuwa Mama Sol-bi, muuza dagaa wa sokoni, bado na mabuti yake ya mpira.

"Mkuu, samahani. Mimi shule sina, niliishia darasa la sita. Niulize?"

"Uliza, Mama Sol-bi."

"Mwanao si kamaliza mwaka huu huu na Sol-bi wangu? Yeye atasoma wapi?"

Wakacheka. "Haya, mtoe jasho!" akasema mmoja. "Leo kashikwa pabaya," akasema mwingine.

Geum-ran aliiona barua ya Seoul kama vile iko mbele yake. Ilikuwa nyumbani, imebandikwa mlangoni pa friji. Gi-chan, mwanawe wa pekee, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ujenzi wa madaraja, kitu alichokililia tangu akiwa mtoto wa kupanga vijiti juu ya mfereji.

"Kwangu," akasema. "Atasoma Songgok."

Mama Sol-bi alimkagua vile anavyokagua dagaa kabla hajanunua.

"Basi," akasema. "Kama wake anaingia, na wangu aingie."

Siku hiyo Geum-ran angeweza kurudi nyumbani akamweleza mwanawe, wakagombana, wakalia, yakaisha. Hakufanya hivyo. Alisubiri siku nne, mpaka jioni ya kumbukumbu ya kifo cha baba mkwe. Ami zake Gi-chan wote walikuwepo, na meza imeandaliwa mbele ya picha ya mzee: samaki, peasi, wali, pombe ya mchele. Gi-chan alipiga magoti, kikombe mikononi, kwa niaba ya baba yake aliyekufa zamani. Ndipo Geum-ran akainama kuelekea ile picha.

"Baba," akasema, "mjukuu wako anaingia chuoni kwako."

Neno ukishampa marehemu mbele ya ndugu wa mume, hulichukui tena. Alilijua hilo. Ndiyo maana alilisemea pale.

Ami mkubwa akalia kwa furaha. Pombe ya kikombe cha Gi-chan ikamwagika kwenye mkeka. Akakiweka mezani, akasujudu mara mbili kama inavyotakiwa, akatoka nje. Mama yake alimkuta kwenye ngazi akifunga kamba za viatu.

"Ni miaka minne tu, mwanangu."

"Minne yangu, Mama. Si yako."

"Watu mia wanakula kwa chuo kile. Walimu, wapishi..."

"Na mimi? Mimi nakula wapi?"

Asubuhi barua ya Seoul haikuwepo kwenye friji.

Chuo kilifunguliwa tarehe mbili Machi, na ndiyo siku aliyozaliwa Gi-chan. Geum-ran akampikia supu ya mwani, maana ndiyo supu ya siku ya kuzaliwa. Siku ya mtihani mama hathubutu kumpa mtoto supu ile. Mwani unateleza, na mtoto atateleza nao. Kijiko kilipofika mdomoni mwa Gi-chan, Geum-ran akakumbuka, akataka kumpokonya bakuli.

"Acha, Mama," akasema Gi-chan, akicheka kicheko kisicho na utamu. "Leo hakuna mtihani. Nimeshateleza."

Mwaka ule waliingia wanafunzi tisini na wanne. Geum-ran akapigiwa makofi. Akina mama walionyeshana Gi-chan akipita na koti la chuo, jina la Songgok limeshonwa mgongoni kwa herufi kubwa za manjano. "Si yule mtoto wa mkuu?" Hawakuona yanayotendeka ndani. Mwalimu wa hesabu aliacha kazi, kiti chake kikajazwa na mwalimu wa kuogelea. Maabara ikageuzwa stoo. Daraja walilojenga darasani lilikuwa la karatasi.

Oktoba ya mwaka wa pili barua ya wizara ikaja. Chuo kingefungwa mwisho wa Februari. Geum-ran aliisoma akiwa amesimama, akaifungia kwenye droo. Wiki tatu alifundisha, alisalimia watu, alikula na wanafunzi bwalo moja, na ufunguo wa droo uko mfukoni. Kisha akamwita Gi-chan ofisini, akampa fomu ya kuhamia chuo kikuu cha Seoul, ameshaijaza yeye mwenyewe.

"Weka sahihi. Muda wa maombi unaisha Ijumaa."

"Kwa nini sasa?"

Akamwonyesha barua. Ni mama, alishindwa kumficha. Gi-chan akaisoma polepole.

"Wengine wanajua?"

"Bado."

"Sol-bi anajua?"

"Gi-chan, wewe ni mwanangu. Wao nitawatafutia njia baadaye."

"Si uliwaambia nasoma hapa?" Akamrudishia fomu, haina sahihi. "Basi nasoma hapa."

Barua akaondoka nayo. Hazikupita dakika kumi ilikuwa kwenye ubao wa matangazo, imebandikwa kwa gundi, si kwa pini.

Akina mama walifika kesho yake kabla ya chai. Wengine walipiga kelele, mmoja akavunja kioo cha mlango. Mama Sol-bi hakupiga kelele. Alisubiri wote waishiwe na sauti, akaja mpaka mezani pa Geum-ran.

"Mimi sikukuuliza kama mkuu," akasema. "Mkuu nilijua atanidanganya, ndiyo kazi yake. Nilikuuliza kama mama."

Februari geti likafungwa kwa mnyororo. Sol-bi na wenzake walipelekwa chuo cha mbali, mwendo wa saa tatu, wakawekewa darasa la peke yao. Wenyeji waliwaita watoto wa chuo kilichokufa, nusu yao hawakumaliza. Gi-chan hakwenda chuo chochote. Alijiandikisha jeshini bila kumwambia mama yake siku ya kuondoka. Mama wa nchi ile humsindikiza mwanawe mpaka geti la kambi. Geum-ran alikuta kitanda kimetandikwa.

Baada ya siku kumi jeshi likamletea boksi la nguo Gi-chan alizoingia nazo kambini. Vijana wote huweka barua humo, hata ya mstari mmoja. Geum-ran alitoa suruali, soksi, viatu. Chini kabisa lilikuwepo koti la chuo, limekunjwa vizuri, herufi za manjano zinamtazama. Akapekua mifuko. Akaipekua tena. Hakukuwa na karatasi.

Novemba, wiki moja baada ya mtihani wa taifa, alikuwa anapita mbele ya ile sekondari. Getini zilibaki alama za peremende za kunata walizobandika akina mama siku ya mtihani, ili watoto wao wanate, wasianguke. Pembeni ya geti alisimama bwana mmoja wa chuo cha wilaya ya jirani, suti safi, anagawa machenza na vipeperushi. Akampa Geum-ran chenza.

"Mama, una mtoto anayemaliza? Mlete kwetu."

"Wewe unaye?"

"Ninaye, wa kike. Kafanya mtihani wiki iliyopita."

"Atasoma wapi?"

Yule bwana akatabasamu. Wazazi waliokuwa karibu wakageuka kumsikiliza, naye akavuta pumzi ajibu.

Geum-ran akamshika mkono.

"Usijibu," akamwambia. "Nakuomba, baba. Nenda kwanza nyumbani ukamuulize yeye."