Tangi Lililokauka Ndani ya Simu

Kusema kweli, Saliha hakuwa na tamaa. Alibanwa tu, na mtu akibanwa hukubali mambo ambayo siku nyingine angeyacheka. Miaka miwili alikuwa ameinamia kompyuta chumbani kwao Nyakabiga, mjini Bujumbura, akitengeneza mchezo wa simu: mbio za magari za kuteremka milimani, kukata kona za Rohero na kumalizia kando ya ziwa. Mchezo ulikuwa wa bure, na watu elfu tisa walikuwa wakiucheza kwa raha zao. Shida ni kwamba hakuna aliyetoa hata senti. Fortunat, kijana wa Kinindo aliyeweka mtaji, alimwambia kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomtisha, kwamba mchezo usipoingiza kitu hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, yeye anajitoa. Akijitoa, mchezo umekufa.

Dawa aliileta Fortunat huyohuyo. Huko nje, alisema, michezo ya namna hii ina tangi la mafuta. Ukishindana mara tano, tangi linakauka. Usubiri kwa saa nne au ulipe franga mia tano uendelee.

Jamani! Katika miji yote ya dunia hii, wakafanye mzaha wa mafuta, esanse kama wanavyoiita, kuisha Bujumbura? Mji ambao watu walikuwa wanalala kwenye kituo cha mafuta siku mbili, tatu, wakisukuma magari kwa mikono kila foleni iliposogea? Lakini Fortunat alikuwa na mtu wa kumpangia foleni, na Saliha hakuwa na gari. Akaliweka tangi. Siku ile ile pesa zikaanza kuingia, akarukaruka chumbani peke yake kama mwehu.

Kesho yake mchana alimpelekea baba yake chakula. Mzee Tajudini ni dereva wa teksi, na alikuwa kituoni siku ya tatu. Wenzake walimpa kazi ya kushika liste, yaani daftari la majina ya kila aliyefika na namba yake, maana walimwamini. Saliha alizoea kumkuta ameegemea usukani anacheza mchezo wa bintiye, anapinda mwili mzima kwenye kona, na nyuma yake madereva wengine wanafanya vilevile. Siku hiyo simu ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya dashibodi. Mzee alipokea wali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akashukuru, akala kidogo.

"Saliha mama," akasema akiigusa simu, "hata humu ndani esanse imekwisha?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Saliha aliona aibu hadi masikio yakawaka moto, akaketi kiti cha nyuma kama abiria asiye na nauli.

Akiwa hapo hapo, akaja bwana mmoja mwenye gari linalong'aa, akamnong'oneza mzee kwamba yuko tayari kulipa vizuri awekwe namba ya tatu. Mzee Tajudini hakubishana naye. Alilitangaza ombi lile kwa sauti, foleni nzima isikie. Honi zikalia kutoka mwanzo hadi mwisho, na jina la bwana yule likaandikwa mkiani, chini ya wote.

Honi zilipotulia, akapita Marguerite, mama wa kutoka Uvira anayeuza chai kituoni, na chupa zake mbili na ndoo ya mandazi. Wale wale waliopiga kelele walitoa noti wakicheka, wengine wakaomba kikombe cha pili. Saliha akamtazama Marguerite, akalitazama daftari, akamtazama tena Marguerite. Hapa watu hawakuchukia kulipa. Walichukia mtu kulipa ili awapite.

Alirudi nyumbani mbio. Tangi akaling'oa, na waliolipa akawarudishia pesa zao. Mahali pake akafungua duka dogo: rangi, rimu, honi, na maandishi ya kioo cha nyuma, maana dereva wa Bujumbura anaweza kuvumilia tairi lililochoka lakini hawezi kuvumilia kioo kisicho na neno. Hakuna alichouza kilichoongeza mwendo hata kidogo. Fortunat alipojua, alipiga simu na ule upole ukamshinda. Alimwambia amefunga bomba lililokuwa linatoa maji, kwa hiyo Ijumaa atakuja na karatasi ya kuvunja mkataba. Pesa za duka ziliingia kidogo kidogo, na Saliha hakulala vizuri.

Ijumaa ikafika. Mtu wa Fortunat wa kupanga foleni akaugua, na gari la Fortunat likabaki na mafuta ya kufika kituoni tu. Akafika. Mzee Tajudini, ambaye alijaza Jumatano na sasa amerudi tena mstarini, hakumfahamu hata kwa sura. Alimwandika namba themanini na nne, akamwonyesha mkia ulipo. Fortunat alikaa garini saa nzima akisonya. Saa ya pili akatoa simu, akaufungua mchezo.

Saliha alikuwa amevaa nguo nzuri akimngoja yeye na karatasi yake. Alasiri simu ikaita.

"Kuna mama anauza chai hapa," Fortunat alisema. "Ananishinda. Mara kumi na moja! Anacheza na mukono moja, mwingine ameshika chupa."

Saliha akaongeza sauti ya simu.

"Nimetafuta humu pa kulipa nimupite. Sijapaona."

"Hapana pa kulipa."

Kwenye simu zikasikika honi, watu wakisukuma magari, na mwanamke akicheka.

"Basi niuzie rangi," akasema Fortunat. "Nyekundu. Na ile karatasi nitaichana."