Nyota ya Mkwe Ilivyosomwa Darasani

Darasa la watu wazima lilikuwa chumba cha nyuma cha zahanati, na vitabu vyake vilikuwa magazeti. Kinyozi wa jirani ndiye aliyeyatoa, yakishasomwa na wateja wake, kwa hiyo kabla ya somo kila mtu alikung'uta nywele kwanza.

Mwalimu alikuwa mdogo kuliko wanafunzi wake wote. Mmojawapo alikuwa mama mkwe wake, aliyekaa mbele kabisa na kumwita "Mwalimu" kwa heshima zote, ingawa nyumbani alimwita "mwanangu".

Asubuhi hiyo hawakuitana chochote. Mama mkwe alikuwa amerudia kuyaosha masufuria yote aliyokwisha kuyaosha mkwewe, na mkwe akaondoka amenuna, bila hata kuaga.

Darasani Mwalimu aligawa kurasa akijitahidi kutomtazama. Fundi cherehani akasoma matokeo ya mpira, akijikwaa kwenye kila jina. Kisha mama mkwe akanyoosha mkono. Alikuwa na ukurasa wa nyota.

"Mizani," akaanza. Hiyo ilikuwa nyota ya mkwewe. Kidole kikafuata mstari. "Leo u-ta-pa-ta... utapata safari." Ghafla akaanza kusoma mbiombio. "Usimnunie mama wa mumeo. Mikono yake imezoea kusugua tu, hakuwa na nia ya kukuumbua."

Mwalimu akainama juu ya bega lake. Baada ya "safari" palikuwa na tangazo la magodoro.

"Mama, mbona hayo hayapo?"

"Yapo, Mwalimu. Mpiga chapa kayaruka."

Fundi cherehani akaangua kicheko, wengine wakafuata. Mwalimu alibana midomo, wapi! Alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Haya, endelea na mstari wa chini."

"Huo usome wewe. Mimi nimefika hapo."

Mwalimu akalichukua gazeti, akakohoa kidogo. "Unasema: mkwe naye alinuna bure. Ila masufuria ya jioni ni yako, Mama."

Walirudi nyumbani pamoja, polepole mno, maana mama mkwe alisimama kwenye kila kibao.

"U-si-e-ge-she ha-pa," akasoma.

"Basi twende, Mama, tusije tukakamatwa."

Mume alikuwa mlangoni, njaa inamuuma. "Mlikuwa wapi muda wote huu?"

"Tulikuwa tunasoma," mama yake akamjibu, akampita.