Kosa Hili Limeletwa Kwenu na Miwani ya Pruitt

Mji wa Tarver, Texas, una watu wachache, na kila mmoja wao anaijua kazi ya refa kuliko refa mwenyewe. Elimu hiyo hawakuipata darasani. Waliipata kwa Royce Tidwell wa redio ya mjini, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amewatangazia mechi za Manyigu, timu ya mpira wa Kimarekani ya vijana wa sekondari yao, huku akiwachamba waamuzi kwa ufasaha ambao hata padri huucheka akidhani hakuna anayemwona.

Mambo ya Tarver ni hivi: watu huenda uwanjani na redio. Mchezo uko mbele ya macho yao, lakini sikioni wana Royce. Refa akirusha kitambaa chake cha njano kuonyesha kuna kosa na timu irudishwe nyuma, hakuna anayezomea kwanza. Wanangoja. Royce akisema, "Huyu ameona nini, jamani, mbona sisi hatukuona?" ndipo jukwaa zima linapoinuka na kunguruma. Tena makosa ya refa yana mdhamini. "Kosa hili," Royce husema taratibu, kama anasoma tangazo la msiba, "limeletwa kwenu na Miwani ya Pruitt, barabara kuu, mkabala na benki." Jukwaa huitikia naye neno kwa neno, na mzee Pruitt mwenye duka husimama kwenye kiti chake na kuinua kofia.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyejisumbua kuliona. Katika miaka yote hiyo, Miwani ya Pruitt haikuwahi kudhamini kosa lililowafaa Manyigu. Refa akikosea kwa faida ya Tarver, Royce aliuita huo uamuzi wa mtu mzima, kisha akaendelea na mchezo.

Basi mwanamume huyu, mgane mwenye kitambi cha heshima, akapenda. Alimpenda Nelda Hruska, mjane mwenye duka la mikate karibu na kituo cha zimamoto. Kwa mwaka mzima alinunua mikate ambayo nyumbani kwake haikuwa na mlaji isipokuwa mbwa, na mbwa akanenepa mpaka akaacha kubweka. Alhamisi moja ya Novemba, Nelda akamfungia mkate kwenye karatasi na kusema bila kuinua macho:

"Jumapili tukitoka kanisani nitakaanga kuku. Njoo ule."

Tarver, mjane akikualika chakula cha Jumapili, habari siyo kuku. Majirani huanza kuulizana nguo watakazovaa siku ya harusi. Royce akavua kofia.

"Nitakuja. Hata kwa magoti nitakuja."

"Ngoja kwanza, sijamaliza. Jumamosi mnacheza na Dry Fork. Unajua nani anasimamia mstari wa pembeni?"

Royce alijua. Alikuwa Alvin Kubena, mdogo wake Nelda, refa mwenye bidii nyingi na bahati ndogo, ambaye mwaka juzi alimwadhibu mchezaji wa Tarver kwa kosa la kijana wa timu nyingine. Royce alimwimba wiki nzima.

"Alvin," alisema, kama mtu anayetaja jino lililooza.

"Alvin, ndiyo. Mdogo wangu, niliyembeba mimi mgongoni. Mara ya mwisho ulisemaje hewani? Ulisema mama yetu alimzaa amefumba macho na mpaka leo hajayafumbua. Mama alikuwa anakusikiliza, Royce! Anamenya viazi!"

"Ulikuwa utani tu, Nelda."

"Haya, tania tena. Jumamosi nitakuwa na redio yangu. Nikisikia umemwita Alvin kipofu, au ukamtaja huyo Pruitt wako, kuku nampa mbwa."

"Mbwa gani? Wewe huna mbwa."

"Nitakuja nimpe wako."

Kuna wateja wawili walikuwa dukani wakati huo, wakijifanya wanachagua biskuti. Mpaka Ijumaa asubuhi hakukuwa na mtu Tarver asiyejua kwamba Royce Tidwell amewekewa kufuli mdomoni.

Mechi ilichezwa mchana, maana mvua ya mawe ilikuwa imepasua taa za uwanja. Watu walijaa kuliko miaka yote. Wengine walisema wamekuja kuona kama Manyigu wataingia kwenye mtoano, lakini huo ulikuwa uongo. Walikuja kumwona Royce akiteseka.

Na akateseka. Hawajacheza dakika nyingi, Alvin akarusha kitambaa kumwadhibu mchezaji wa Tarver kwa kumshika mpinzani, na kijana wa watu alikuwa anamwinua tu mwenzake aliyeanguka. Jukwaa likatega sikio. Kwenye kibanda cha watangazaji, Dub Fenner, kocha mstaafu anayekaa na Royce kumsaidia kuchambua mchezo, akajipangusa mdomo na kuuliza kwa sauti ya malaika:

"Royce, hebu tusaidie. Hiyo wewe umeionaje?"

Royce alimtazama kwa jicho ambalo redio haikuweza kulitangaza.

"Alvin Kubena ameona jambo," akasema. "Na ni... ni kijana anayekimbia vizuri. Na shati lake limepigwa pasi vizuri sana."

Watu walicheka mpaka wakamwaga soda. Kosa lililofuata, Royce alizisifu soksi za Alvin. Lililofuata hilo, alisifu namna anavyopuliza filimbi, kwamba ina sauti nyororo. Mzee Pruitt alivua miwani yake na kuipunga hewani kumkumbusha wajibu wake, Royce akageuka kutazama mawingu. Pruitt alipoona hana tangazo hata moja, alinuna, akashuka jukwaani, akaenda kusimama ukingoni mwa uwanja pamoja na akina baba wa Tarver.

Hao akina baba wana desturi yao. Sheria inataka watu wakae mbali na mstari, ili mwamuzi wa pembeni apate njia ya kukimbilia. Lakini baba zao walisimama pale, na wao wanasimama pale, vitambi mbele, na hakuna refa aliyewahi kuthubutu kuwasogeza.

Wakati wa mapumziko mlango wa kibanda ukafunguliwa. Alikuwa Nelda, mkononi ana kikombe cha kahawa, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeleta kahawa. Royce akazima maikrofoni haraka.

"Nimefanya ulivyotaka," akasema. "Sijamtukana hata mara moja."

"Soksi, Royce? Mdogo wangu unamsifia soksi? Huko chini watu wanacheka mpaka wanalia. Umemvika kilemba cha ukoka mbele ya mji mzima!"

"Sasa nifanyeje, mama? Nikimsema kosa, nikimsifu kosa."

"Sema unachokiona. Si ndiyo kazi yenyewe?"

Akaweka kikombe mezani na kuondoka. Dub Fenner alikuwa ameinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikupotea.

Kipindi cha pili Royce alijaribu kusema anachokiona, akagundua kwa fedheha kwamba hajakizoea kitu hicho. Kila mara ulimi ulitaka kukimbilia kwenye kichekesho kabla macho hayajamaliza kutazama. Ilimbidi kuinua darubini na kungoja. Akashangaa: mara mbili Alvin alikuwa sahihi, na zamani Royce angemchana vilevile. Alisema hivyo hewani, kwa shida, kama anayemeza dawa chungu, na jukwaa likanung'unika kwa kukosa burudani.

Ndipo tukafika mwisho. Dry Fork wanaongoza kwa pointi tatu, saa imebakiza muda wa kupiga chafya, mpira uko mikononi mwa Manyigu. Namba saba wa Tarver akaupokea na kuchomoka nao pembeni kabisa, mbele ya akina baba. Hao nao, kwa furaha, wakasogea mbele wote kwa pamoja. Alvin alikuwa anamfuata kijana kwa mbio zake zote, akakuta njia imezibwa na tumbo. Akalizunguka. Katika kulizunguka huko, mguu wa namba saba ukatua juu ya mstari, na vumbi jeupe la chokaa likaruka. Hapo kijana alikuwa ameshatoka nje na mchezo umekwisha. Lakini aliendelea kukimbia mpaka mwisho wa uwanja, na Alvin, alipopata tena kumwona, akainua mikono miwili juu, ishara ya bao: pointi sita.

Tarver wameshinda. Jukwaa likaanza kupiga kelele, kisha, kwa mazoea, likatulia. Walikuwa wanamngoja Royce.

Royce alikuwa ameiona chokaa. Bado aliiona, nyeupe, kwenye kiatu cha namba saba. Akalijua pia lile tumbo ni la nani. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: uamuzi wa mtu mzima. Mji ungeshangilia, Alvin angekuwa shujaa, na kesho yake kuku angekuwa mezani. Hajawahi kupewa uongo mtamu kama huo. Akatazama chini, akamwona Nelda amesimama, kidole kimebana kisikilizi sikioni.

Akapiga moyo konde.

"Amekanyaga mstari," alisema. "Namba saba wetu alitoka nje. Hatukushinda kihalali, ndugu zangu. Alvin amekosea."

Alikuwa ameshaingia majini, akaendelea.

"Na msimlaumu Alvin. Alikuwa anakimbia pale anapotakiwa kukimbia. Tuliomziba njia ni sisi, kwa sababu tunasimama tusipotakiwa kusimama. Tumbo lililomziba nalijua, nimelitazama kwa darubini." Akashusha pumzi, akamuaga kuku wake. "Kosa hili limeletwa kwenu na Pruitt mwenyewe. Bila miwani."

Hakuna aliyeitikia. Kisha jukwaa likainuka na kumzomea Royce Tidwell kwa mara ya kwanza maishani mwake. Walimwita msaliti, walimwita mtu wa Dry Fork. Bisi zikarushwa kwenye kioo cha kibanda. Na mwanamke mmoja, kutoka safu ya juu kabisa, akapaza sauti iliyosikika mpaka hewani: "We Royce! Nenda Miwani ya Pruitt, barabara kuu, mkabala na benki!"

Matokeo hayakubadilishwa, maana kwenye mechi za vijana refa haruhusiwi kurudia picha. Royce alipotazama tena chini, Nelda alikuwa ameshaondoka.

Jumapili alikwenda hivyo hivyo, kofia mkononi, amejiandaa kufukuzwa kistaarabu. Mlango ukafunguliwa na Alvin.

"Usiku nimeitazama mechi kwenye video ya kocha," Alvin alisema. "Kiatu kizima kimejaa chokaa."

"Pole."

"Pole ya nini? Miaka kumi na miwili umenitukana, na matusi yote niliyasahau kabla ya kufika nyumbani. Ya jana ndiyo imeniuma, kwa sababu ilikuwa kweli." Akasogea pembeni. "Ingia, kuku anapoa."

Sahani zilikuwa tatu. Kuku alikuwa amekaangwa mpaka rangi ya asali, na mkate wa mahindi bado unatoa mvuke. Nelda aliketi, akamwashiria Alvin aanze dua. Alvin akainamisha kichwa. Nzi akatua juu ya paja la kuku, na Royce, kwa nia njema kabisa, akanyoosha mkono kumfukuza.

Kitambaa cha njano kikaanguka juu ya sahani yake.

"Kuanza kabla ya amina!" alitangaza Alvin, amesimama. "Adhabu, sahani inarudi nyuma!"

Royce alifungua mdomo. Nzi alikuwa bado yupo, akizunguka juu ya mkate, shahidi aliye hai. Maneno matamu ya miaka ishirini yalimjaa mdomoni, yakisukumana kutoka. Nelda alikuwa amemkazia macho.

Akaufunga mdomo. Akaishika sahani yake na kuisukuma nyuma kwa mkono wake mwenyewe.

"Umeona vizuri, shemeji," akasema.

"Nani shemeji yako?" Alvin akafoka, na mkono wake ukarudi kwenye kile kitambaa.

"Kiweke mfukoni, Alvin," alisema Nelda, akilichagua paja kubwa kuliko yote na kumwekea Royce. "Hapo hajakosea."